Kuwafundisha Kiswahili Waganga Wageni

Na Mwalimu wa Kiswahili

Katika gazeti letu la shule tumezoea kusoma habari za michezo, za safari, za shamba la shule na za mitihani. Muhula huu napenda kuwaelezeni juu ya kazi moja ambayo nimeifanya katika likizo zangu kwa miaka kadhaa, nayo ni kuwafundisha Kiswahili madaktari na wauguzi wageni waliokuja kufanya kazi katika hospitali za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Nilianza upande wa Iringa, na baadaye nikafundisha upande wa Mbeya. Huenda wengine wakadhani ya kwamba kazi hii ni ndogo, kwa kuwa Kiswahili twakisema sisi sote bila kufikiri. Lakini mimi nimejifunza humo mambo mengi juu ya lugha yetu ambayo sikuyapata chuoni, na baadhi yake yanawahusu ninyi wanafunzi, pamoja na wazazi wenu, kila mnapofika hospitali.

Kuja kwa waganga wageni si jambo jipya katika nchi yetu. Wamisionari wa Kimoravia walifika Rungwe mwaka 1891, nao iliwapasa kujifunza Kinyakyusa, maana siku zile Kiswahili kilikuwa hakijaenea sana milimani. Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia walifika Iringa mwaka 1919. Mpaka leo hospitali ya Tosamaganga, iliyo karibu na mji wa Iringa, inajulikana kwa madaktari wa Kiitalia wa chama cha CUAMM, chama kilichoanzishwa katika mji wa Padova mwaka 1950. Waganga wa China nao walifika Unguja mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968, na tangu hapo makundi yao yamekuwa yakipokezana, kila kundi likikaa kama miaka 2. Jirani zetu wa Kenya walipokea madaktari 100 kutoka Kuba mwaka 2018, nao walipewa mafunzo mafupi, Kiswahili kikiwamo, kabla ya kutawanywa katika kaunti. Mpango ule ulikomeshwa mwaka 2023.

Sasa tazameni jambo hili. Kundi moja linapokwisha kujua kuuliza, "Maumivu yalianza lini?" muda wake huwa umekwisha, likafunga mizigo. Kundi jipya hushuka, nalo huanza tena na "Hujambo". Kwa hiyo kazi ya mwalimu haiishi, na mgonjwa wetu kila mara hujikuta mbele ya mtu ambaye elimu yake ni kubwa na maneno yake ni machache.

Serikali ya Marekani, ambayo huwafundisha mabalozi wake lugha nyingi, hukadiria ya kwamba mtu wao anahitaji majuma 36 ya darasani ili akijue Kiswahili vizuri, na majuma 30 kwa Kihispania. Mimi nilikuwa nikipewa majuma 4, saa mbili kila asubuhi kabla ya wanafunzi wangu kwenda wodini. Basi niliona wazi ya kwamba nisingeweza kuanza na vitabu vya sarufi kama tunavyoanza hapa shuleni. Mtu atakayekutana kesho na mama mwenye mtoto anayetapika hana haja ya kujua kwanza kwamba Juma ana kalamu mbili.

Nikaanza na mwili. Nilimsimamisha mmoja wao mbele ya darasa, nikamshika kichwa, nikasema, "Kichwa kinauma." Halafu: "Mguu unauma. Jino linauma. Macho yanauma. Mbavu zinauma. Ngozi inauma. Vidole vinauma." Jaribuni wenyewe kuhesabu, mtaona ya kwamba mwili wa mtu mmoja una karibu ngeli zote zinazowasumbua katika mitihani. Baada ya juma moja wageni wale walikuwa wakitumia ngeli bila kujua jina lake. Daktari mmoja mzee, mtu wa mzaha, alisema kwamba amekisomea chuo mwili wa binadamu kwa miaka mingi, na kumbe hakuambiwa hata siku moja ya kuwa unayo sarufi.

Neno lililowatatiza mwanzoni ni hilo hilo la kuuma. Kitabu chao kiliwaambia ya kwamba kuuma ni kazi ya meno. Walipomsikia mgonjwa akisema, "Naumwa na kichwa," mwuguzi mmoja alitazama nyuma ya sikio la mgonjwa kutafuta jeraha. Tulicheka sana, lakini nilimweleza ya kwamba Mswahili huyaona maumivu kama kitu kinachomshika mtu na kumng'ata, na ndiyo maana husema ameumwa, iwe ni nyoka, iwe ni tumbo. Tangu siku ile alianza kuuliza vizuri: "Umeumwa na nini, mama?" Akasubiri jibu kabla ya kumgusa mtu.

Jambo la pili lilikuwa salamu. Mgeni akimwuliza mgonjwa, "Hujambo?" mgonjwa hujibu, "Sijambo," hata kama homa inamtetemesha. Akiulizwa habari za asubuhi, hujibu kuwa ni nzuri. Daktari mgeni huandika katika karatasi yake ya kuwa mgonjwa anaendelea vema, kisha hupita kitanda cha pili. Sisi twajua ya kwamba salamu si habari za ugonjwa. Ni kama kubisha hodi. Mtu hukaribishwa kwanza, ndipo aseme lililomleta. Basi niliwafundisha kusalimu, kunyamaza kidogo, kisha kuuliza swali la pili: "Haya, mama, niambie, usiku umelalaje?" Hapo ndipo maneno ya kweli hutoka. Mara nyingi mgonjwa wetu huanza na neno "lakini". "Nzuri, lakini kifua hakijaniachia." Niliwaambia wanafunzi wangu walisubiri "lakini" hilo, kwa maana ndani yake mna ugonjwa.

Yako pia maneno ambayo mgeni akiyatafuta katika kamusi atapotea kabisa. Mtu akisema moyo unamchafuka, hasemi habari za moyo, anataka kutapika. Akisema anaumwa chembe cha moyo, anaonyesha pale chini ya kifua, juu ya tumbo, na mara nyingi shida yake ni tumbo. Mgeni hulisikia neno "moyo" akakimbilia kupima mapigo. Mguu kwetu huanzia nyongani ukaishia vidoleni, na mkono huanzia begani, kwa hiyo haitoshi kuandika kwamba mguu unauma. Mtu akisema kwamba mtoto wake "ana kifua", huenda ni kikohozi cha kawaida, huenda ni pumu, au huenda ni ugonjwa mkubwa zaidi. Tena neno "homa" kwa wengi huwa ni joto la mwili, na kwa wengine huwa ni malaria yenyewe. Dawa ya mambo haya yote ni moja tu: "Nionyeshe kwa kidole chako." Sentensi hiyo nilitaka kila mmoja aijue hata katika usingizi.

Saa nazo zilitupa kazi. Sisi twaanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Wageni wote huanza kuhesabu usiku wa manane. Daktari akimwambia mgonjwa aje saa nane, akifikiri saa nane ya kwao, mgonjwa ataacha shamba lake akafika baada ya chakula cha mchana, na kumbe alingojewa saa mbili asubuhi. Kuchelewa huko si kitu kikubwa ikiwa ni kufungwa kidonda. Lakini ikiwa ni dawa ambayo lazima inywewe kwa saa zake, ni jambo jingine. Niliwafundisha kuutazama mshale mfupi wa saa, kisha kuisoma tarakimu iliyo ng'ambo ya pili. Mshale ukiwa kwenye 8, ng'ambo yake ni 2, na hiyo ndiyo saa ya Kiswahili.

Hapa nataka wanafunzi wanisikilize hasa. Mmepata kuona bahasha ya vidonge imeandikwa 2 x 3. Mwuguzi ana maana ya vidonge viwili, na kila siku vinywewe mara tatu. Lakini bibi yako hajui kusoma, naye akupa wewe bahasha umsomee. Wewe unayetoka darasani kwenye hesabu utasoma, "Mbili mara tatu," na akili yako itakujibu upesi, "Sita." Bibi akivinywa vidonge sita kwa mkupuo mmoja, kosa litakuwa la nani? Hesabu ni sahihi na Kiswahili ni sahihi, ila vimekutana mahali pasipofaa. Kwa hiyo niliwazoeza wanafunzi wangu wasiishie kwenye alama. Waseme: "Asubuhi viwili, mchana viwili, usiku ukienda kulala viwili." Kisha wamwombe mgonjwa ayaseme maneno hayo yeye mwenyewe, ili wajue kama yamefika.

Kadhalika, sisi huzoea kusema kwamba twanywa dawa, hata ikiwa ni kidonge kikavu. Mazoea hayo yaweza kuleta hatari, kwa maana ziko dawa za kupaka, za kudondosha machoni, za kunusa, na za kuwekwa mahali pengine mwilini, nazo zote hutoka dirisha lile lile. Daktari akisema tu, "Chukua dawa hii," mgonjwa ataimeza. Ni lazima aseme tendo lenyewe: paka, dondosha, meza, weka, tena aonyeshe kwa mkono.

Nitatoa mfano mmoja zaidi ambao nimeuona kwa macho yangu. Mgonjwa alikuwa apasuliwe asubuhi. Jioni mganga mgeni alimwambia kwa Kiswahili safi kabisa, "Kesho asubuhi usile." Mgonjwa alitii. Alfajiri ndugu zake walimletea uji, akanywa bakuli zima. Alipoulizwa kama amekula, alijibu bila wasiwasi, "Sikula." Hakusema uongo, kwa sababu katika Kiswahili uji haulwi, uji hunywewa, na chai hunywewa. Kwa bahati dada mmoja wa usafi aliliona bakuli chini ya kitanda, akauliza. Wapasuaji walisimamisha kazi mpaka siku iliyofuata, maana mtu aliyelazwa usingizi wa dawa huku tumbo lake limejaa aweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni, akafa. Tangu siku ile funzo letu liliandikwa ukutani kwa herufi kubwa: "Usile wala usinywe kitu chochote, hata chai, hata uji, hata maji."

Jambo jingine ambalo wageni hawalitazamii ni neno "ndiyo". Mgonjwa akiulizwa, "Hukunywa dawa?" naye asiwe amekunywa, atajibu, "Ndiyo," yaani, ni kweli kama ulivyosema, sikunywa. Mwingereza na Mwitalia hawajibu hivyo. Kwao neno hilo lingeonyesha kwamba amekunywa. Niliwashauri waache kabisa maswali yenye "hu-" na "si-" ndani yake, waulize tu, "Umekunywa dawa?" au, lililo bora zaidi, "Dawa umekunywa saa ngapi?"

Mpaka hapa nimesema juu ya maneno, lakini adabu nayo ni sehemu ya lugha. Vitabu vya zamani walivyotumia wageni vilijaa amri: lete, ondoa, njoo, ngoja. Daktari kijana aliyejifunza katika vitabu hivyo alimwambia mzee wa miaka sabini, "Vua nguo! Lala!" Mzee alilala, lakini hakumjibu tena swali hata moja. Nilimweleza yule daktari ya kwamba huku kwetu mtu wa umri wake humwamkia mzee "Shikamoo", hungojea "Marahaba", kisha husema, "Baba, naomba ulale hapa nikutazame." Kwetu hospitalini hakuna "mgonjwa namba kumi na mbili". Kuna mama, baba, bibi, babu, dada na kaka. Na juu ya hayo kuna neno "pole", ambalo wageni wengi hulipenda kuliko yote wakishalielewa, maana kwao hawana neno moja linalofanya kazi hiyo. Mwuguzi akichoma sindano akasema, "Pole, mama," hakiri kosa lolote. Anamwambia tu ya kwamba ameona maumivu yake.

Mambo haya hayatokei kwetu peke yetu. Huko Marekani wako watu wengi sana wasemao Kihispania, na vyuo vingi vya udaktari hufundisha Kihispania cha hospitali. Kisa kimoja cha mwaka 1980 kinatajwa mara kwa mara katika mafunzo hayo. Katika jimbo la Florida kijana wa miaka 18 aliletwa hospitali akiwa hajitambui. Jamaa zake, watu wenye asili ya Kuba, walisema kwamba alikuwa "intoxicado", nao kwa desturi yao walikuwa na maana ya mtu aliyedhuriwa na kitu alichokula au alichokunywa. Waganga wakalisikia neno hilo kama neno la Kiingereza linalofanana nalo, wakadhani kijana amezidisha dawa za kulevya, wakamtibu hivyo. Kumbe damu ilikuwa ikivuja katika ubongo wake. Ilipotambulikana, alikuwa amekwisha kupooza mikono na miguu. Shauri hilo lilimalizika kwa makubaliano ya malipo yaliyokadiriwa kufikia dola milioni 71 katika maisha yake yote. Jambo la kukumbuka ni hili: hakuna aliyeitwa kukalimani, kwa kuwa kila upande uliamini ya kwamba umeelewa. Mtu asiyeelewa kabisa huomba msaada, lakini yule anayedhani ameelewa huendelea na safari.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo kwangu ni nzito zaidi. Kiswahili ni lugha yetu ya taifa, lakini katika vijiji vya Kilolo, Rungwe, Ileje na kwingineko wako wazee wetu ambao lugha ya maumivu yao si Kiswahili. Ni Kihehe, ni Kibena, ni Kisafwa, ni Kinyakyusa, ni Kindali. Wageni niliowafundisha walifurahi nilipowapa salamu chache, "Kamwene" kwa Wahehe na Wabena, "Mugonile" kwa Wanyakyusa, na "Ndaga" ya kushukuru. Salamu hufungua mlango, ila haitoshi kuingia chumbani. Hapo huitwa mkalimani, na mkalimani huyo, mara nyingi, ni mwanafunzi wa sekondari kama ninyi.

Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, alikuja bibi mmoja pamoja na mjukuu wake wa kidato cha pili. Bibi alisema Kihehe tu. Kijana alikalimani vizuri, kwa Kiswahili fasaha: bibi anaumwa kiuno. Akapewa vidonge vya maumivu. Baada ya mwezi walirudi, kiuno ni kile kile, vidonge ni vile vile. Wakarudi mara ya tatu. Siku hiyo zamu ilikuwa ya daktari mwanamke, mgeni, mwanafunzi wangu wa majuma matatu. Kiswahili chake kilikuwa bado cha kuchechemea, lakini aliona kitu kimoja: kila alipouliza swali, bibi alimtazama mjukuu wake kwanza, kisha akatazama chini. Akamwambia yule kijana kwa upole, "Kaka, asante, naomba utungoje nje." Akamwita mhudumu mmoja wa kike, Mhehe, mtu mzima. Akasema, "Kamwene, bibi. Pole," akanyamaza.

Bibi akasema. Damu ilikuwa ikimtoka, naye alikuwa amekwisha koma kupata siku zake miaka mingi iliyopita. Jambo hilo bibi wa Kihehe hawezi kulisema mbele ya mtoto wa mwanawe, hata akifa. Alikuwa amelificha katika neno "kiuno", nalo kwa mtu mwenye kusikia si uongo. Daktari alimpima, akamwandikia kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Alipata matibabu na nafuu kidogo, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea, akafariki mwaka uliofuata. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi katika nchi yetu kuliko saratani nyingine, nayo ikionekana mapema hutibika. Tangu mwaka 2018 wasichana wetu wanachanjwa kuizuia, na wazazi wasisite kuwapeleka mabinti zao.

Yule kijana hakutenda kosa lolote. Alisema kila neno aliloambiwa. Lakini nilimhurumia sana, kwa kuwa aliwekwa mahali ambapo mtoto hapaswi kuwekwa. Kwa sababu yake nimeandika hapa mashauri machache kwa kila mwanafunzi atakayeitwa kukalimani.

Kwanza, sema yote uliyosikia, hata kama unaona si ya maana. Usifupishe maneno ya mzee kwa kuwa ni marefu, maana mara nyingine ugonjwa uko katika sentensi ya mwisho.

Pili, usiongeze lako. Ukidhani ni malaria, dhana yako ikae kwako.

Tatu, neno usilolijua liseme lilivyo, kisha useme, "Neno hili silijui kwa Kiswahili." Hakuna aibu katika kusema hivyo, na mganga atatafuta mtu mwingine.

Nne, ukiona mgonjwa anakutazama na kusita, omba wewe mwenyewe utoke, na mwombe mwuguzi atafute mtu mzima wa jinsia yake. Hiyo ni heshima kwa mzee wako kuliko ufasaha wote.

Tano, uliyoyasikia mle ndani yaache mle ndani. Usiyapeleke bwenini wala kisimani.

Na wale mnaotaka kuwa madaktari na wauguzi, mnao wengi katika shule hii, msidhani ya kwamba somo hili ni la wageni tu. Udaktari katika nchi yetu hufundishwa kwa Kiingereza. Mtatoka vyuoni mkiwa na majina ya magonjwa kwa lugha moja, na wagonjwa watakaowangojea watakuwa na lugha nyingine. Nimewaona vijana wetu wenyewe, waliozaliwa Makambako na Tukuyu, wakimweleza mama mjamzito mambo ambayo mama hakuyapata hata neno moja, naye akaitikia tu, "Sawa, daktari," kwa adabu. Mgeni kutoka Italia anajua kwamba hajui, kwa hiyo huuliza mara mbili. Sisi wenyeji ni rahisi kusahau kuuliza.

Mwisho nina ombi. Likizo inakaribia, nanyi mtarudi kwenu, wengine Mufindi, wengine Mbozi, wengine Makete, wengine hapa hapa mjini. Kila mmoja akae na bibi au babu yake jioni moja, amwulize kwa heshima: mnaitaje kichefuchefu? Mnaitaje kizunguzungu, ganzi, degedege la watoto? Maneno gani husemwa mbele za watu, na yapi husemwa na wanawake peke yao? Wasichana waulize ya wanawake, wavulana waulize ya wanaume. Yaandikeni maneno hayo katika daftari, na kando yake muandike Kiswahili chake na mahali yalipotoka. Muhula ujao tutayakusanya yote pamoja, tuyapange, na nakala moja itakaa katika maktaba yetu. Nakala nyingine nitawapelekea wanafunzi wangu wa hospitali, maana mwezi wa saba kundi jipya litafika, nalo litaanza tena na "Hujambo".